Mgeni wa Chumba cha Nne

Tuliachana Wandera fundi akiwa amebeba mlango begani, na Mzee Obiero akiwa ameingiza kichwa ndani ya chumba cha Metrine kuangalia ushindi wake. Mnakumbuka alivyokitoa kile kichwa. Kofia ilibaki kizingitini, na mwenye ploti ile ya vyumba vya kupangisha, mtu mzima mwenye tumbo lake na heshima zake, akakimbia kujificha nyuma ya tangi la maji.

Wiki nzima simu yangu haijapumzika. Msomaji wa Kondele anasema mzee aliona chatu. Wa Ahero anasema aliona maiti. Bwana mmoja wa Maseno, ambaye nadhani ana mambo yake mwenyewe, ameapa kwamba ndani kulikuwa na askari. Mmekosa wote, na nimefurahi sana.

Ndani kulikuwa na bibi kizee. Alikuwa ameketi kitandani kando ya cherehani, miguu juu ya kigoda kwa sababu sakafu ilikuwa na maji. Mkono mmoja ulishika kikombe cha chai, mwingine ulishika mwamvuli uliofunguliwa. Mvua ilikuwa imekatika alfajiri, lakini kwa Metrine mvua huchelewa kuondoka.

Bibi huyo ni Mama Perez. Mama Perez ndiye aliyemzaa Caren, na Caren ndiye mke wa Mzee Obiero.

Yaani Mzee Obiero alikuwa amemng'olea mama mkwe wake mlango.

Wewe uliyekulia ziwani umeshashika kichwa. Wewe mwingine nikueleze haraka, maana mzee bado amechuchumaa kule nyuma ya tangi. Mtu na mama mkwe wake huku kwetu hawaketi karibu, hawali pamoja, hawapandishiani sauti, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta kitu cha kuangalia upande wa pili. Na kubwa kuliko yote, mama wa mke wako halali nyumbani kwako. Mzee Obiero ana ploti, ana pikapu, ana kiti cha mbele kanisani, lakini kwa Mama Perez bado ni yule kijana aliyekuja kuposa jana.

Basi huyo mama alifikaje kwenye chumba cha mpangaji, tena kinachovuja? Hilo lilikuwa jambo la wanawake wawili. Mama Perez aliletwa kutoka kijijini, mbele ya Kisian, apimwe macho na kutengenezewa miwani. Kwa mkwe hangelala. Hoteli aliikataa, akisema hawezi kulalia kitanda asichojua jana kililaliwa na nani. Caren akamwendea rafiki yake wa kikundi cha akina mama kanisani, Metrine Mukhwana, fundi wa nguo, msichana wa Bungoma asiyeweza kukataa mgeni.

"Nikalie naye siku chache tu," Caren alimwomba. "Na Baba Byron asijue. Unajua hataki hata nikusalimie."

Mzee hataki kwa sababu ya paa. Kila msimu wa mvua Metrine alipiga simu kwamba paa linavuja, na kila msimu Mzee Obiero alimwambia fundi yuko njiani. Mwaka huu Metrine aliwashauri wapangaji wenzake wamjibu kwamba kodi nayo iko njiani. Ploti nzima ya Nyamasaria ikagoma kulipa mpaka paa litengenezwe.

Ndipo mzee akaja kumfanya mfano. Mnajua inavyofanyika. Hakuna barua, hakuna korti. Fundi anakuja, anang'oa mlango wako, mlango unapandishwa pikapu, na wewe unabaki na nyumba wazi mpaka miguu yako mwenyewe ikutoe. Na kwa Metrine chumba hicho ndicho kitanda na ndicho duka. Humo mna cherehani yake. Humo mna majoho ya kwaya anayotakiwa kuyamaliza kabla ya Jumapili. Akihama Nyamasaria, wateja wake hawatahama naye.

Asubuhi ile alikuwa amesimama mlangoni akisema, "Mzee, usitoe huo mlango, utajuta." Mzee alidhani anatishwa, kumbe anahurumiwa.

Sasa twendeni nyuma ya tangi.

Metrine aliokota kofia, akaipangusa matope, akaipeleka.  Yeye mwenyewe hakujua kama anataka kucheka au kulia.

"Huyo ni yeye?" Mzee Obiero alinong'ona.

"Ndiye, Mzee."

"Ni Caren amemleta?"

"Mimi sijataja Caren."

"Ameniona?"

Metrine angeweza kusema ndiyo. Hata mimi ningependa aseme ndiyo, ningepata raha ya kuliandika. Lakini Metrine ni mtu wa ukweli, tabia ambayo imemponza tangu sura ya kwanza ya hadithi hii.

"Hajakuona," alisema. "Macho yake bado. Anaona ukungu tu. Miwani ndiyo inaletwa leo saa saba."

"Na anajua hii ploti ni ya nani?"

"Hakuna mtu amemwambia."

Mzee Obiero alishusha pumzi ndefu, akajaribu kusimama. Kabla hajanyooka, sauti ikatoka ndani ya chumba, sauti ya mama aliyezoea kuitana na watu walio ng'ambo ya shamba, ikimwita Metrine binti wa Bungoma.

"Nyar Bungoma. Ni nani ametoa mlango? Ni huyo landilodi? Mwambie akuje hapa. Kila jioni namwombea kwa Mungu, sasa nataka nimwone."

Mzee alichuchumaa tena, na kwa hofu akakohoa. Si kwamba alikusudia. Ni kikohozi chake cha siku zote, kifupi kifupi halafu kirefu cha kuburuta, kile ambacho wapangaji wakikisikia getini huzima redio na kujifanya hawapo.

Ndani mwamvuli uligeukia upande wa tangi.

"Huyo mtu anakohoa vibaya," Mama Perez alisema. "Mpe maji ya moto."

Mzee Obiero alimshika Wandera suruali, akamvuta nyuma ya tangi pamoja na mlango wake. "Rudisha hiyo mlango. Saa hii. Pole pole, bila kelele."

Wandera alikwenda. Akajaribu juu, akajaribu chini, akarudi na mlango uleule begani.

"Imekataa, Mzee."

"Imekataa namna gani? Si umeitoa saa hii?"

"Kutoka ilikubali. Kurudi ndiyo imekataa. Fremu yote imekuja na bawaba. Mchwa imekula ndani, imebaki rangi tu."

"Nilipiga simu juu ya hiyo mchwa," Metrine alisema.

"Najua ulipiga," mzee alijibu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kukubali kwamba simu yake huwa inaita.

Kisha macho yakamtoka. Alishika kichwa kwa mikono yote miwili, kofia ikaanguka tena.

"Ngojeni. Ngojeni kwanza. Hii nyumba ni yangu. Mama amelala kwa nyumba yangu."

Hilo hata Metrine hakuwa amelifikiria, wala Caren katika mipango yake yote. Walimkwepesha mama nyumba ya mkwe, wakamlaza nyumba nyingine ya mkwe yuleyule. Metrine alisimama pale akiligeuza jambo hilo kichwani kama kitambaa asichojua upande wake wa juu ni upi. Halafu akauona.

"Kwani nyumba ni ya nani, Mzee?" aliuliza taratibu. "Si juzi ulisema mbele ya watu wote kwamba ni yako, mimi hapa ni mpita njia, hata msumari siwezi kugonga bila ruhusa?"

"Nilisema vibaya."

"Ulisema kwa nguvu."

"Metrine, dada yangu, nyumba ni ya mwenye analipa kodi. Hata mtoto anajua. Mama amelala kwako, si kwangu. Sema hivyo."

"Sema wewe."

Mzee Obiero alitazama kulia, akatazama kushoto, akameza mate. "Ni nyumba yako," alinong'ona.

"Basi kama ni yangu, sielewi mlango wangu unafanya nini kwa bega ya Wandera."

Nilipofika hapo niliacha kalamu nikazunguka meza. Miezi yote hii tumemwona msichana huyu akibembeleza.

Mzee alikubali fremu mpya bila kubishana. Kuhusu paa alianza zile nyimbo zake, kwamba tutaona mwisho wa mwezi, kwamba mabati yamepanda bei. Upande wa Nandi radi ikanguruma. Mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga kule juu, na mtu wa Kisumu hahitaji kuambiwa yatashuka wapi baada ya chakula cha mchana.

"Mzee," Metrine alisema, "ile mvua itamnyeshea mama mzazi wa Caren. Mimi sitamwambia lolote, nimeapa. Lakini akiniuliza hii paa ni ya nani, siwezi kumdanganya mtu mzima."

Alipomaliza kusema aliona haya, maana hakupenda kumbana mtu kwa mama mkwe wake. Lakini alikumbuka majoho ya kwaya yaliyoloa, na haya ikapungua.

Mzee Obiero alifumba macho. "Paa litengenezwe leo," alisema. Halafu akayafumbua, na sasa hakuwa mtu wa kuchekwa. "Lakini sikiza vizuri. Huyo mama akijua ni mimi landilodi, ni mimi nimemnyeshea na ni mimi nimetoa mlango, mimi nimekwisha. Kwao siwezi kukanyaga tena, hata kwa matanga. Neno likitoka, hakuna paa, hakuna mlango, na wewe unabeba cherehani yako unatoka kwa hii ploti leo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Miwani ni saa saba?"

"Caren alisema saa saba."

"Saa saba nitakuwa nimepotea."

Metrine alirudi chumbani na moyo mzito kuliko alivyotoka nao. Asubuhi angefukuzwa kwa sababu ya kusema. Sasa angefukuzwa hata mtu mwingine akisema.

Mzee Obiero alipiga simu duka la mabati kwa sauti ya kunong'ona. Mwenye duka alimuuliza kama anaumwa. "Niko kwa maombi," mzee akajibu. Haukupita muda mkokoteni ukaingia getini na mabati yanayong'aa, mbao za fremu na pakiti za misumari. Wapangaji wakatoka vyumbani mmoja mmoja. Walikuwa wamezoea kuona vitu vikitolewa katika ploti ile, na hiki kilikuwa kitu kigeni kabisa.

Calvince wa chumba cha tatu, anayekaanga chipsi pale steji ya matatu, alimfuata Metrine kwenye kamba ya nguo.

"Madam, umempikia nini huyu buda? Niambie na mimi nipike."

"Nyamaza ubebe mabati."

"Nabeba. Lakini recipe utanipa."

Sasa kulikuwa na shida moja. Kutoka nyuma ya tangi kwenda getini lazima upite mbele ya chumba cha nne, cha Metrine, na chumba cha nne hakikuwa na mlango. Mama Perez alikuwa ameelekeza uso wake palepale kwenye mwanga, na kila kivuli kilichopita alikiita. Alimwita mtu wa mkokoteni akamuuliza ukoo wake. Alimwita Calvince akamwambia harufu yake ni ya mafuta yaliyotumika sana. Mzee Obiero alichungulia mara moja akarudi.

Njia nyingine ya kumkwepa ilikuwa ngazi ya kwenda paani. Wandera naye alihitaji mtu wa kumshikia mabati juu.

Ndivyo mwenye ploti alivyopanda kwenye paa lake mwenyewe, mara ya kwanza tangu alijenge. Alipanda akiwa na viatu vya kanisani. Wapangaji walisimama chini wakimtazama kama watu waliokutana na kiboko barabarani.

Kusema kweli, alifanya kazi. Alishika bati pale alipoambiwa ashike, akasogea pale alipoambiwa asogee. Aliona kwa macho yake mashimo ambayo Metrine alikuwa akimwelezea kwenye simu, akaweka kidole kwenye moja, kidole kikapita chote. Alimwashiria Wandera aongeze bati jingine.

Chini, Metrine aliketi kwenye cherehani akishona majoho, akihesabu moyoni muda uliobaki.

"Nani anatembea huko juu?" Mama Perez aliuliza.

"Mafundi, Mama."

"Huyo mmoja anapumua sana."

"Ni mnene kidogo."

"Fundi mnene." Mama Perez alitikisa kichwa, akamega kiazi kitamu kilichokuwa kwenye sahani. "Basi huyo landilodi wako ana roho. Mimi nilidhani hana. Ana bibi?"

Sindano ilimchoma Metrine kidole. "Anaye, Mama. Ni mtu mzuri sana."

"Namhurumia."

Metrine alikinyonya kidole chake akajifanya anatafuta uzi. Alimpenda mama huyu, na ndiyo maana alitamani aende nyumbani upesi.

"Na hapa kando, mbona kimya?" Mama Perez aliendelea. "Siku zote hizi hakuna mtoto, hakuna redio."

"Chumba cha tano kiko wazi. Watu walikikimbia, kilikuwa kinavuja kuliko hiki. Lakini haya mabati mapya yanafika mpaka huko, kitakuwa kikavu sasa."

"Ahaa," Mama Perez alisema, akanywa chai yake.

Fremu ilisimama. Bati baada ya bati likapigiliwa. Likabaki moja tu, lile la juu ya kitanda, ambalo Wandera alilitoa akafungua anga juu ya kichwa cha Mama Perez. Misumari ikamwishia palepale, akashuka kuchukua pakiti nyingine. Mzee Obiero alibaki juu peke yake, amepiga magoti kwenye boriti, nyundo mkono mmoja na bati jipya mkono mwingine. Alitazama saa. Saa saba ilikuwa bado mbali, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Ndipo Calvince, mtu mwema asiyejua lolote, alipoona ngazi imekaa bure. Paa lake nalo lina tundu dogo pembeni. Akaibeba ngazi, akamshika Wandera mkono, akampeleka upande wa pili wa ploti.

"Msumari moja tu, fundi wangu. Moja tu, na chipsi utakula bure."

Na getini sauti ikaita hodi.

"Mama, miwani imekuwa tayari mapema."

Metrine aliruka, uzi ukamzunguka shingoni. Alimkuta Caren tayari uani, mkoba begani, uso umejaa furaha ya mtu anayeleta habari njema.

"Caren, ngoja kwanza."

"Kwani pikapu ya Baba Byron inafanya nini huko nje?"

"Ndiyo nataka kukuambia. Ngoja."

"Na mlango wako uko wapi? Metrine, mlango uko wapi?" Caren alimpita mbio, kwa sababu mama yake alikuwa ndani ya chumba kisicho na mlango, na hakuna mwanamke anayengoja maelezo ya jambo kama hilo.

Mama Perez alikuwa ameshanyoosha mkono. "Lete."

Metrine alifika kizingitini akiwa amechelewa hatua moja. Miwani ilikuwa tayari usoni.

Mama Perez alianza na binti yake. "Umekonda," alimwambia. Akamgeukia Metrine, akamtazama toka juu mpaka chini. "Kumbe ni msichana mdogo hivi. Kwa vile unapika, mimi nilidhani ni mtu mzima." Akatazama joho lililokuwa kwenye cherehani. "Hiyo shingo imepinda." Ilikuwa imepinda kweli. Halafu alitazama mwamvuli wake, akaufunga, akaulaza kitandani. Akageuza kichwa huku na huku akishangaa chumba kilivyo na mwanga mwingi.

Akainua uso juu.

Metrine alitazama sakafu. Hakuwa amesema neno hata moja, ahadi yake aliitimiza mpaka mwisho, na haikumsaidia. Alishaiona moyoni cherehani yake juu ya mkokoteni uleule ulioleta mabati.

Kule juu Mzee Obiero alitafuta ngazi kwa mguu, mguu ukakuta hewa. Aliinua bati ajifiche uso, bati likamwakisia jua machoni. Caren alifuata macho ya mama yake, akamwona mumewe amepiga magoti juu ya kitanda cha mama mkwe, akajifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Wapangaji waliokuwa wakicheka uani wakasogea karibu.

Mama Perez hakupiga kelele. Aligeuza uso akatazama ukuta, kama heshima inavyotaka, na akazungumza na ukuta.

"Wuon Byron," alisema, akimwita baba wa mjukuu wake kwa lugha ya nyumbani. "Hiyo kikohozi nimeijua tangu asubuhi. Nilikuwa nangoja miwani nione kazi."

Juu bati likagongana na boriti.

"Kazi ni nzuri. Hapo kwa kona, ongeza msumari."

"Ndiyo, Mama," sauti ikasema, ndogo sana, kutoka kwa mtu mkubwa sana.

Metrine aliinua macho, yakakutana na ya mzee. Alitikisa kichwa kumwonyesha kwamba si yeye aliyesema. Mzee alijua si yeye. Lakini ploti nzima ilikuwa imesikia, Calvince alikuwa amesimama na ngazi mkononi mdomo wazi, na mtu aliyeaibika mbele ya wapangaji wake hatafuti haki, anatafuta wa kumtwisha. Metrine aliiona ile sura ya asubuhi ikimrudia.

"Metrine," mzee alianza. "Tulisema nini mimi na wewe?"

"Mimi bado naongea," Mama Perez aliuambia ukuta, na mzee akafunga mdomo. "Daktari wa macho anataka nikuje kwake tena na tena. Kwako siwezi kulala, hiyo sisi wote tunajua. Hapa kwa huyu msichana nimelala vizuri, lakini kitanda ni moja, na yeye analala kwa meza ya kukata nguo. Hiyo si haki."

"Ndiyo, Mama."

"Tena leo nimesikia mtu akisema, nyuma ya tangi, nyumba ni ya mwenye analipa kodi. Macho yangu ndiyo ilikuwa mbaya, Wuon Byron. Masikio hapana."

Caren alianza kutikisika mabega. Metrine hakujua kama analia, mpaka alipomwona akiuma leso.

"Sasa hiki chumba cha tano, hapa kando," Mama Perez alisema. "Naambiwa kiko wazi, na paa ni mpya. Nataka nipange, nilipe kama watu wengine, nikae jirani na huyu msichana. Mtu akitaka kumtoa, apite kwangu kwanza. Niambie, kodi yake ni ngapi?"

Nyundo ilimponyoka Mzee Obiero, ikaanguka kwenye meza ya kukatia nguo iliyo kando ya kitanda, katikati ya majoho ya kwaya. Mkwe hamdai mama mkwe kodi, na asipolipa nyumba inabaki ya mkwe, hawezi kulala humo. Hamwambii hapana pia. Ploti nzima ya Nyamasaria ilikuwa imeinua uso ikimtazama pale juu, wala ngazi hakuna aliyekumbuka kuirudisha.

Tone la kwanza la mvua likapita kwenye tundu la paa. Mama Perez alifungua mwamvuli wake, akajifunika vizuri, akangoja jibu.